Kidole cha Venansi

Kila Jumamosi, baina ya saa tisa na saa kumi alasiri, Venansi alikuwa na kwao.

Siku nyingine zote alikuwa mpangaji tu wa mtaa wa Yoba, chumba kimoja, mlango wa bati unaofungwa kwa kamba ya nailoni. Lakini Jumamosi alasiri, juu ya kilima cha antena, akisha kuwaonyesha wageni mji wa Gitega wote ulivyotandazwa chini kama nguo za muuza mitumba, alinyoosha kidole upande wa barabara ya Mutaho na ghafla akawa mtu mwenye mlima, mwenye baba, mwenye shamba na mikaratusi mitatu.

"Mnaiona ile miti mitatu iliyosimama mstari? Ule wa katikati umepinda kidogo? Chini ya ule uliopinda ndipo nilipozaliwa. Pale ni kwa baba yangu. Tulikimbia mama akiwa amenibeba mgongoni, na mpaka leo wanakaa watu wengine."

Hapo alinyamaza. Bosi wake, dada Farida, alikuwa amemfundisha ahesabu kimoyomoyo mpaka saba, asizidishe, kwa sababu kwenye nane wageni huanza kutazama simu zao. Mpaka saba lazima awepo mmoja wa kuvua miwani na kuifuta. Kisha picha. Miti ilipigwa picha, kidole kikapigwa picha, Venansi mwenyewe akapigwa picha akitazama mbali, na wote wakateremka wakiwa wamejaa huzuni ya bei nafuu, ile isiyomzuia mtu kula mishikaki.

Ulikuwa uongo mtupu, tena uliopigwa pasi. Venansi hakuwa wa Gitega hata kwa chanjo. Alizaliwa Butihinda, mkoani Muyinga, karibu na mpaka kiasi kwamba jogoo wa Tanzania akiwika ni Warundi wanaoamka. Kutoka kilima cha antena Butihinda haionekani, hata mtu apande antena yenyewe.

Uongo ule haukupangwa. Gitega ilipotangazwa mji mkuu, Farida, ambaye familia yake imeuza vitenge sokoni tangu enzi za bibi yake, aliamua kwamba mji mkuu lazima uwe na watalii, na wasipokuwepo watatafutwa. Akanunua Probox, akaandika mlangoni "Tembea Gitega," akakamata usukani mwenyewe. Watalii wakapatikana: wafanyakazi wa mashirika wasiojua la kufanya na mwisho wa wiki, walimu wa Kitanzania waliokuja semina, Warundi wa Ulaya waliosahau harufu ya maharage. Wakapelekwa makumbusho, wakapelekwa kanisa kuu, wakapitishwa mbele ya ofisi zenye bendera mpya na milango iliyofungwa, na mwisho kabisa wakapandishwa kilimani kutazama yote waliyokwisha kuyaona, safari hii kwa udogo.

Venansi aliajiriwa kwa sababu ya mdomo. "We Kiswahili yako iko ya redio," Farida alimwambia. "Mi nikiongea, Mutanzania anacheka. We ukiongea, ananyamaza. Bon, utakuwa guide."

Siku moja mawingu yalifunika mji wote. Wageni walisimama juu pale wakitazama weupe mtupu kama maziwa. Mwalimu mmoja mama kutoka Dodoma, kwa huruma tu, akauliza, "Na wewe kijana, kwenu ni wapi?" Wingu likapasuka upande mmoja, ikatokea miti mitatu, na kidole cha Venansi kikatoka chenyewe. Mwalimu alilia. Farida, aliyekuwa ameegemea gari akila karanga, aliacha kutafuna.

"Iyo ya miti," alisema walipobaki wawili, "uibakishe."

Kwa nini kidole kiliiendea ile miti na si mnara wa kanisa? Hilo Farida hakuuliza.

Baba yake Venansi, Adriano, alifia kambini Tanzania bila kuona tena Butihinda. Lakini kila jioni kabla ya uji alichukua kijiti, akachora mavumbini mbele ya hema. Huu mto. Hii njia ya kwa padri. Hii mikaratusi mitatu niliyopanda mwaka niliomwoa mama yako. Tukirudi, mwanangu, watu watakuwa wamekufa na wengine watakuwa wamejifanya wamesahau, lakini mti hauna adabu hiyo. Utawaambia wazee: shamba letu lina mikaratusi mitatu juu ya njia. Basi. Kesi imekwisha. Venansi alijifunza ramani ile kabla ya kujifunza kusoma. Mvua ikinyesha inafutika, kesho inachorwa upya.

Walirudi yeye na mama yake, Adventina, Venansi akiwa na miaka kumi na mitano. Kwenye shamba walimkuta Crispin, binamu wa baba yake, mtu mpole mwenye kofia ya kanisani. Crispin aliwakaribisha viti. Kesi ikapelekwa kwa bashingantahe, wazee wa mlima wanaoamua mambo ya watu, na Venansi akasimama mbele yao akasema sentensi aliyoilimbikiza utoto mzima: shamba letu lina mikaratusi mitatu juu ya njia.

Wazee wakageuka kutazama. Juu ya njia kulikuwa na migomba mitatu. Michanga, majani yake hata upepo ulikuwa haujayachana, na udongo wa shinani bado mwekundu.

"Miti?" Crispin alisema, akavua kofia kwa heshima. "Hapa hapajawahi kuwa na miti."

Majirani wakaulizwa. Mmoja aliukuna mguu. Mwingine akasema yeye macho yake ni mabovu tangu zamani. Kesi ilikokotwa miaka minne, na mwisho wake mama akapewa chumba nyuma ya jiko la dada yake, chenye dirisha linalotazama, kwa ukarimu wa Mungu, ile migomba.

Tangu hapo Venansi alikuwa mtu asiye na jibu. Nchini humu mtu haulizwi anafanya kazi gani. Anaulizwa ni wa mlima gani. Huna mlima, wewe ni moshi. Ndiyo maana ile saa moja ya Jumamosi aliipenda kuliko alivyokubali kusema.

Sasa, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, kwenye Probox alipanda mgeni asiyefanana na wageni. Mzee mfupi, koti la suti juu ya suruali ya shambani, kofia ya manyoya kwenye jua kali, na dumu la njano la lita tano lililofungwa mdomo kwa jani la mgomba. Alilipa kama wengine. Alikaa katikati ya wadada wawili wa shirika la maji, dumu mapajani. Makumbusho hakuyatazama. Kanisani alipiga ishara ya msalaba akabaki mlangoni. Farida alimnong'oneza Venansi, "Uyu mzee ni wa diaspora ya wapi?"

Kilimani, Venansi aliponyoosha kidole, mzee alivua kofia. Venansi akahesabu mpaka saba. Mzee hakuwa na miwani ya kufuta. Alijifuta uso kwa kofia.

Wageni walipotawanyika na simu zao, mzee akamvuta nyuma ya uzio wa antena.

"Shefu," alisema. "Mi naitwa Dominiko. Iyo miti, alipanda babu yangu."

Venansi alihisi jua limezimwa. "Mzee, nisamehe..."

"Usiombe msamaha, shefu. Mi sitaki maneno. Kila samedi, iyo Jumamosi yenu, naona watu hapa juu wanapiga picha shamba yangu. Nikasema labda ni watu wa barabara. Mama anauza karanga hapa ananiambia, hapana, kuna mtoto wa wakimbizi anaonyesha kwake. Iko na mashahidi, iko na picha, anawaleta wazungu na Watanzania. Nikasema, bon, siku yangu imefika."

"Mzee Dominiko, nisikilize. Mimi si wa hapa. Ni wa Butihinda, Muyinga. Nilidanganya wageni tu, ni mambo ya kazi."

Dominiko alicheka kile kicheko anachochekewa askari wa barabarani. "Shefu, mi ni muzee. Nimeona mutu hana shamba anasema iko nayo, wengi. Lakini mutu kusema shamba si yake, mbele ya mwenyewe? Uyo iko na wakili."

"Sina wakili!"

"Ndiyo, shefu. Wakili anafundishaga ivyo ivyo."

Akaweka dumu chini, akalifungua. Harufu ya urwarwa, pombe ya ndizi iliyoiva vizuri, ikapanda. Kutoka mfuko wa koti akatoa mirija miwili ya mianzi, akamshikisha Venansi mmoja.

"Sikia. Kutoka uu mti umepinda mpaka kwenye mto, ni kipande. Nyumba inaingia, jiko inaingia, na mistari ya maharage kama nne. Nitakupa mbele ya nyumbakumi. We unaacha kuonyesha kidole. Tunywe, tuongee."

Venansi aliutazama mrija. Alikuwa mlokole tangu kambini. Aliokoka akiwa na miaka kumi na miwili, siku ambayo walokole waligawa blanketi. Kwenye harusi na misiba aliomba Fanta, na watu wakamsamehe. Akamrudishia mzee mrija kwa mikono miwili, kwa adabu yote aliyofunzwa.

"Ahsante sana, mzee. Mimi sinywi."

Uso wa Dominiko ulifungwa. Aliurudisha mrija mfukoni, akalifunga dumu kwa jani lake, taratibu, kama anayefunika maiti.

"Sawa, shefu," alisema. "Nimeelewa. Nakungojea mpaka samedi."

Akateremka kwa miguu, hakungoja gari.

Wiki ile Venansi hakulala vizuri, na si kwa majuto. Tuseme ukweli: alikuwa anaipima nyumba. Kutoka mti uliopinda mpaka mtoni. Mlango uangalie wapi? Jumatano alipanda basi kwenda Muyinga, na kutoka mjini akachukua baiskeli ya abiria mpaka Butihinda, akamkuta mama yake uani akipukuchua maharage, mgongo kwa ile migomba.

Alimweleza yote. Adventina alicheka mpaka akakohoa.

"Miaka minne tunasema kweli, wewe na mimi, tumesimama juani. Tukapata nini? Leo umedanganya saa moja kwa wiki, unapewa shamba! Mungu ana mchezo." Kisha akaacha kucheka. "Maji yako karibu?"

"Mama, siwezi kulichukua. Ananipa kwa woga."

"Na Crispin alitunyima kwa nini? Kwa woga huo huo. Safari hii umeangukia upande wetu. Nimekuuliza, maji yako karibu?"

"Mto uko pale chini kabisa."

"Basi nitapanda viazi vitamu. Udongo wa mtoni unapenda viazi." Mikono yake ilikuwa imeacha kupukuchua. Venansi hakuwa amewahi kumwona mama yake akitamani kitu, na aliona aibu kama aliyemkuta anaoga. "Mlikunywa saa ngapi?"

"Kunywa nini?"

"Hiyo pombe aliyokuletea. Umesema alileta dumu."

"Mama, mimi nimeokoka. Nilimrudishia mrija, kwa adabu."

Adventina aliinuka. Ungo wa maharage ulimwagika wote.

"Ulimrudishia?"

"Kwa mikono miwili."

"Yesu na Mariamu! Mtoto huyu nilimlea wapi? Hiyo si pombe ya kulewa, mjinga wewe! Mtu akikuletea pombe ya maneno, ukaipokea, mmekubali kuongea. Ukitia mdomo tu kwenye mrija, hata usimeze, basi, yamekwisha, mmekuwa watu. Ukiirudisha umemwambia: kipande sitaki, nataka lote. Tukutane kwa wazee!"

"Sikujua, mama."

"Ungejua wapi? Kambini tulipokea unga, hatukuleteana pombe." Alishika kichwa. "Baba yako alikuchorea mto, njia, miti. Hili hakulichora. Nenda. Rudi ukanywe. Mungu wa walokole nitaongea naye mimi."

Kurudi haikuwa rahisi kama kutumwa. Petroli ilikuwa imekauka mkoa mzima. Basi lililala kwenye foleni ya kituo siku mbili, na abiria wakawa ndugu, wakagombana, wakawa ndugu tena. Venansi aliingia Gitega Jumamosi saa nane mchana, nguo za Jumatano mwilini, na Farida alikuwa tayari anapiga honi mbele ya soko na wageni wanne, wahandisi wa Kenya na wake zao.

"We ulipotelea wapi? Panda!"

"Dada, leo niache. Nina jambo na mzee mmoja, njia ya Mutaho."

"Jambo lako liko kilimani. Ukishuka, nakupeleka mi mwenyewe na Probox. Voilà. Panda."

Akapanda. Alijiambia: saa moja tu, na leo miti siisemi. Wageni walipelekwa, wakaonyeshwa, wakapandishwa. Mke wa mhandisi mmoja, aliyekuwa amesoma maoni ya wageni waliotangulia, akaja moja kwa moja.

"Tunasikia kwenu panaonekana kutoka hapa. Ni wapi?"

"Leo kuna ukungu," alisema Venansi. Jua lilikuwa linachoma visogo.

"Anaonaga haya," Farida alisema haraka. "Venansi, waonyeshe wageni miti."

Akageuka, bila kidole. Miti ilikuwa miwili.

Alidhani ni uchovu wa basi. Kisha wa kushoto ukayumba kama mtu aliyeitwa jina, ukalala, na sauti yake ikafika baadaye sana, kishindo kidogo, kama mtu aliyefunga mlango nyumba ya tatu. Ukabaki uliopinda peke yake. Watu wadogo kama mchwa walikuwa wameuzunguka.

"Ile miti si ndiyo ile?" aliuliza mama wa Kikenya. "Wanakata miti ya baba yako!"

Simu zote nne zikanyanyuliwa. Farida mwenyewe alitoa ya kwake.

Venansi alikimbia. Alishuka kilima akikatisha mashamba ya watu, akavuka barabara, akapanda upande wa pili huku pumzi inamkwaruza koo kama mchanga. Saa nzima. Alipofika, hapakuwa na mti. Kulikuwa na visiki vitatu vyeupe vinavyolia utomvu, na harufu ya mkaratusi kali kiasi cha kutoa machozi, ambayo ilikuwa bahati, maana ilimpa kisingizio. Kando ya visiki vililazwa vichipukizi vitatu vya mgomba, mizizi imefungwa na udongo mbichi, vikisubiri shimo.

Dominiko alikuwa ameketi juu ya kisiki cha kati. Magome yalikuwa yamemng'ang'ania kwenye kofia.

"Mzee," Venansi alisema, "nimekuja kunywa."

"Kunywa nini, shefu?"

"Ile pombe. Sikujua maana yake, nililelewa kambini. Lete hilo dumu, nakunywa sasa hivi mbele ya watu wote. Kipande chako sikitaki. Sitaki kitu. Nataka tuyamalize."

Dominiko aliwatazama majirani wawili wenye shoka waliosimama nyuma yake. Mmoja alianza kuukuna mguu.

"Mi sikuleta pombe mahali," alisema.

"Mzee wangu, usifanye hivi. Hii miti babu yako ndiye aliipanda. Ni yako. Shamba ni lako, uliniambia mwenyewe, na mimi nakuamini!"

Mzee aliinuka kutoka kwenye kisiki. Utomvu ulikuwa umemgandisha suruali. Ilitoka na sauti. Akavua ile kofia ya manyoya, akaishika kifuani kwa heshima.

"Miti?" alisema, na sauti yake ilipasuka katikati, kwa sababu huyu hakuwa mwizi, na neno lile lilikuwa geni kinywani mwake. "Hapa hapajawahi kuwa na miti, shefu."

"Hapajawahi," alisema jirani wa kwanza.

"Mi macho yangu ni mabaya," alisema wa pili.

Barabarani, Farida alikuwa anapiga honi.

Adventina aliambiwa kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama viazi vitamu vingestawi pale kweli au alikuwa amedanganywa na hilo pia, akakata.

Na kazi iliendelea, kwani wageni hawaishi. "Chagua mlima ingine," Farida alisema. "Milima iko mingi, si ndiyo nchi yetu inajulikana kwa ayo?" Lakini muuza karanga naye alikuwa na mdomo, tena bila kulipwa. Jumamosi iliyofuata Venansi alipofika juu na wageni wake wanne, aliona kitu ambacho hakikuwa kwenye ziara. Upande wa Mutaho, upande wa kusini, milima yote iliyoizunguka Gitega, watu walikuwa wametoka, wamesimama mbele ya nyumba zao. Walikuwa wadogo sana, mmoja hapa na wawili pale, na wote walikuwa wameelekea kilima cha antena, wakingoja kuona kidole kitakwenda kwa nani. Kwenye mlima mmoja mtu alikuwa tayari ameshika shoka.

Venansi alitia mikono yote miwili mfukoni.

"Na wewe," mgeni mmoja akauliza, mzee mwema kutoka Arusha, akiifungua kamera yake, "kwenu ni wapi?"

"Yoba," alisema Venansi. "Nimepanga."